Windows 11: kitufe cha Start kilikosa nini pale kushoto mpaka kihamishwe?

kaka_steshenari

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Nina kisteshenari karibu na chuo, kazi ni zile zile mnazozijua, kutaipu, kuprinti, kuskani, kuwaombea watu mkopo wa HESLB na kuwajazia Ajira Portal. Mashine mbili za zamani zina Windows 10 na hivi karibuni nimeongeza ya tatu imekuja na Windows 11 ndani. Mashine yenyewe sina ugomvi nayo, nyepesi, ina SSD, inawaka fasta. Tatizo ni binadamu.

Mteja anakuja na flashi yake anakaa, anashika mausi anaipeleka moja kwa moja kona ya chini kushoto kama alivyozoea maisha yake yote, anabofya, anakuta hali ya hewa. Mara limefunguka libango limejaa habari za mastaa wa Marekani na bei za hisa, ananigeukia "kaka hii kompyuta yako ina virusi eeh?" Kumbe Start iko katikati kwenye mstari wa chini, na hata hapo katikati haitulii, ukifungua programu nyingi vitufe vyote vinajisogeza ili vibaki katikati, kwahiyo sasa hivi iko hapa, baadae kidogo iko pembeni kidogo.

Halafu kuna dada anayetaipu pale kwangu, huyo ni mkongwe, anataipu anaongea na mteja huku kibodi haiangalii. Ukimweka kwenye mashine mpya anakuwa mdogo kabisa. Anafanya raiti kliki kwenye faili, maneno ya kukata na kukopi aliyoyazoea anaona hayapo mahali pake, kuna vipicha vimepangwa pembeni pale, na akitaka vitu vingine inabidi abofye tena mstari wa chini kabisa ndo menyu ya zamani inatokea. Yaani menyu imefichwa nyuma ya menyu. Akiona foleni imekuwa ndefu anahama anarudi mashine ya zamani, mpya inabaki inapoa.

Sasa maswali yangu ni haya, hawa jamaa huwa wanafikiria nini wanapohamisha kitu ambacho hakuna mtu alilalamikia? Na pili, nirudishe Windows 10 tu yaishe au nitajuta? Naombeni majibu ya watu wazima, msije mkanijibu "zoea tu".

Mchovu_wa_Bando

Zoea tu 😂😂

fundi_mwanjelwa

Mkuu achana na huyo. Kabla hujapiga Windows upya fanya hivi, nenda kwenye ule mstari wa chini sehemu isiyo na kitu, raiti kliki, ingia setingi zake, shuka mpaka chini kabisa utakuta mpangilio umewekwa katikati, ubadilishe uwe kushoto. Start inarudi konani kwake. Ukiwa humo humo juu kidogo utaona Widgets, izime, hilo libango la mastaa ndo kwaheri na bando lako linapumua. Kwa dada yetu mwambie ashike Shift halafu ndo afanye raiti kliki, menyu ya zamani inakuja yenyewe moja kwa moja bila kuzungushwa. Vile vipicha navyo kuanzia toleo la 24H2 wameviwekea maneno chini yake, kwahiyo kama mashine haijaapdetiwa iapdeti usiku wenye bando la bei nafuu.

Ila usitegemee kila kitu kitarudi. Ilivyotoka Oktoba 5, 2021 ule mstari wa chini waliuandika upya toka mwanzo, hawakutengeneza wa zamani, ndo maana kuna vitu vilikuwepo miaka na miaka vikapotea. Kuuhamishia mstari juu au ubavuni mwa skrini haikuwezekana tena. Kuburuta faili na kulidondosha juu ya programu pale chini haikuwezekana, wakaja kurudisha 2022 baada ya watu kupiga kelele. Kuona kila dirisha na jina lake bila kurundikwa kwenye kipicha kimoja, hiyo imerudi 2023. Kwahiyo kelele zinasaidia, tatizo unapiga kelele leo jibu linakuja mwaka wa pili.

Mzee wa Disketi

Vijana nimesoma nimecheka peke yangu, mnalia kitufe kimesogezwa, sisi kilifutwa. Kilifutwa kabisa.

Nazungumzia Windows 8, Oktoba 26, 2012. Unawasha kompyuta, badala ya dawati lako ulilolizoea na picha ya watoto inakuja skrini nzima ya vigae vya rangi, kijani, zambarau, bluu, vingine vinajigeuzageuza vyenyewe. Dawati lenyewe lilikuwa kigae kimoja kati ya hivyo! Ukilipata ukaingia, unaangalia chini kushoto, patupu. Kumbe inabidi usukume mausi mpaka ndani kabisa ya kona ndo kitu kinachungulia. Nani alikwambia? Hakuna. Kuzima mashine ndo usiseme, unasukuma mausi kona ya kulia, unasubiri utepe utokeze ubavuni, unachagua setingi, unachagua pawa, halafu ndo unachagua kuzima. Nimeona maofisa wazima wanabonyeza kitufe cha umeme cha mashine wanashikilia mpaka inakata kwasababu hawakujua njia nyingine.

Na zile programu zake mpya zilikuwa zinajaza skrini nzima na hazina alama ya X ya kufunga. Kufunga inabidi ushike juu kabisa uburute mpaka chini kabisa. Internet Explorer zilikuwa mbili ndani ya mashine moja, moja ya kwenye vigae na moja ya dawati, ukurasa uliofungua huku hauuoni kule. Setingi nazo sehemu mbili, nyingine zimo Control Panel ya zamani nyingine zimo kwenye mpya, unatafuta kama unatafuta cheti cha ndoa.

Sasa ulivyouliza walifikiria nini, walifikiria iPad. Apple alitoa iPad 2010, watu wakaikimbilia, Microsoft akaona kompyuta ya kibodi inazeeka, akataka mfumo mmoja unaoweza kushikwa kwa kidole na kwa mausi. Siku ile ile ya Windows 8 akaanza kuuza na tableti yake, Surface. Kwenye tableti vile vigae vilikuwa vizuri kweli sisemi uongo, vikubwa, kidole hakikosei. Ila watu wengi hawakununua tableti, walinunua laptop na kompyuta za mezani, na hao ndo walioambiwa wajifanye wana kidole.

Kuna kitu kingine huwa kinanichekesha. Walipoulizwa mbona mmeondoa menyu ya Start walisema takwimu wanazokusanya kwenye kompyuta za watu zinaonyesha matumizi ya ile menyu yanashuka, watu siku hizi wanabandika programu zao kwenye mstari wa chini. Sawa, takwimu inaweza kuwa kweli, lakini hata mlango wa nyuma wa nyumba hautumiki kila siku na hakuna anayeuziba kwa matofali. Takwimu inakwambia mtu kabofya mara ngapi, haikwambii siku anapoihitaji anaihitaji kiasi gani.

Kilichofuata? Wajanja wakapata soko. Classic Shell ya bure watu wakaidanlodi kama hawana akili nzuri, Stardock wakauza Start8, kazi yake kubwa kukurudishia kile ulichokuwa nacho bure. Bosi wa kitengo cha Windows, Steven Sinofsky, akaondoka Microsoft Novemba ile ile ya 2012. Windows 8.1 ikatoka Oktoba 17, 2013, wakatangaza kitufe kimerudi, watu wakashangilia, ukikibofya... vigae hivi hapa! Kitufe walirudisha, menyu hawakurudisha. Menyu yenyewe imekuja kurudi na Windows 10, Julai 29, 2015. Na namba 9 waliiruka kabisa, sijui waliona aibu. Watu wengi tuliokuwa na XP ilipokatiwa huduma Aprili 8, 2014 tukarukia 7, hiyo 8 tuliisoma kwenye magazeti.

Kwahiyo kijana hapo ulipo uko peponi, kaa ule mtende.

Neema_wa_Dizaini

Mzee wangu shikamoo, umesimulia vizuri ila naomba nitetee upande wa pili kidogo maana huu uzi utageuka wa matanga.

Mimi kazi yangu ni kudizaini app na nakwambieni hakuna kitu kilichowahi kubadilishwa watu wakapiga makofi siku ya kwanza. Hiyo XP mnayoililia leo, ilipotoka 2001 na ile bluu yake na kitufe cha kijani watu walisema ni midoli ya watoto, kuna waliokimbilia kuirudisha iwe kijivu kama Windows ya nyuma. Leo ukiwawekea ile picha ya kilima cha kijani wanatoa machozi. Kwahiyo kelele ya mwanzo haikuambii kama kitu ni kibaya, inakuambia tu kimebadilika.

Na Windows 11 ina mambo mazuri ambayo mtu wa steshenari ndo angeyafaidi kuliko wote. Kaka, peleka mausi kwenye kile kialama cha kukuza dirisha, kile cha katikati juu kulia, USIBOFYE, kiache tu hapo, itatokea michoro midogo ya kugawa skrini. Weka fomu ya mteja kushoto na cheti chake ulichoskani kulia, unaona vyote kwa pamoja unajaza bila kuhamahama. Kwenye 10 ungeweza ndio, kwa kuburuta mpaka pembeni, ila hii mtu anaiona kwa macho haihitaji kufundishwa. Hiyo nayo ni dizaini hiyo hiyo mnayoitukana.

kaka_steshenari

Dada Neema asante, hiyo ya kugawa skrini nimeijaribu sasa hivi kwenye fomu ya mkopo, kiukweli ni kali. Fundi na wewe ubarikiwe, Start imerudi kushoto, hali ya hewa nimezima, mteja wa kwanza amekaa hajauliza kitu. Ila bado sijajibiwa vizuri la kurudi 10. Na Neema samahani, watu hawakulilia XP kwasababu ni nzuri, waliililia kwasababu waliijua.

Neema_wa_Dizaini

Si ndo hicho ninachosema kaka. Na 11 wataijua hivyo hivyo.

Mama Saiba

Hamjambo nyote, mie niko Mombasa, nina saiba miaka mingi sasa. Neema mwanangu nakuelewa lakini kuna jambo hapo umeliruka. Kuzoea huzoea mtu mwenye mashine yake. Yeye huifungua asubuhi, huifunga usiku, wiki mbili tatu mkono ushashika. Wateja wangu mie hawana mashine. Mtu aja kujaza ritani za kodi za KRA mara moja kwa mwaka, mwengine aja kutafuta cheti cha kuzaliwa kwa eCitizen harudi tena mpaka apate mtoto mwengine. Huyo atazoea lini? Kila akija ni mgeni, na kile kidogo alichobeba kichwani ni kuwa chini kushoto pana mahali pa kuanzia. Ukimuondolea hicho hana kitu, yuakuita wewe. Na wewe ni mmoja na mashine ni nane.

Hawa wenye kutengeneza hufikiri kila kompyuta ina mwenyewe. Hata hiyo Windows 11 yenyewe ukiiwasha mara ya kwanza yataka uingie kwa akaunti yako ya Microsoft, sasa mashine ya saiba ni ya akaunti ya nani? Ya mteja? Ya mie? Za kwangu nimezipanga zote sawa, Start kushoto, dawati lina alama tano tu kubwa kubwa, na mashine zote zafanana mpaka picha ya nyuma. Mteja akikaa nambari tatu leo na nambari saba mwakani aone kitu kimoja.

Na si Windows pekee. Mwakumbuka Office 2007? Menyu ya Faili waliitoa wakaweka duara moja pale juu lenye rangi rangi, watu walidhani ni pambo. Nilibandika karatasi juu ya skrini nikachora mshale. Office 2010 ilipokuja neno Faili likarudi, ile karatasi nikaitoa.

Mzee wa Disketi

Mama umemaliza. Ile duara mimi pia nilidhani nembo.

tufaha_lililoumwa

Nyie wa Windows mna afadhali, njooni huku Mac mwone. Apdeti ya Tahoe ya mwaka 2025 imekuja na ile staili yao ya vioo wanaita Liquid Glass, kila kitu kinapitisha mwanga, maandishi yamekaa juu ya picha juu ya maandishi. Launchpad, ile skrini ya kuonyesha programu zote, nayo wameifuta wakaleta kitu kingine kinaitwa Apps. Baada ya malalamiko wakaongeza setingi ya kupunguza uwazi kwenye 26.1, haijachukua hata miezi miwili. Kwahiyo ugonjwa ni wa wote, tofauti sisi tunalipia bei kubwa zaidi.

pengwini_255

Nilikuwa nangoja huu uzi ufike hapa. Kaka_steshenari ww weka Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, kwenye zile mashine mbili za zamani, Start kushoto chini, mstari wa chini upo, saa iko kulia, mteja hatajua hata kama umebadilisha. Na sababu ya Mint kuwa hivyo inahusiana na haya haya mnayojadili. 2011 hata sisi yalitukuta, GNOME 3, dawati la Linux, ikatoka Aprili, mstari wa chini hakuna, kitufe cha kushusha dirisha hakuna, mpaka Linus Torvalds mwenyewe aliyeanzisha Linux akaikimbia akahamia dawati jingine linaitwa Xfce akaitukana hadharani. Ubuntu, Linux nyingine, nao mwezi huo huo wakaleta Unity yao, vitufe vimepangwa ubavuni kushoto, wakaing'ang'ania mpaka 2017 ndo wakatangaza wanaiacha.

Tofauti yetu na nyie ni kwamba huku msimbo wa programu (code) uko wazi kwa kila mtu, waliokasirika hawakusubiri mtu awahurumie, walichukua GNOME ya zamani wakaiendeleza kwa jina la MATE, na watu wa Mint wakatengeneza Cinnamon ili dawati libaki dawati. Hiyo Cinnamon ndo mpaka leo. Ya bure, haitaki akaunti, haina mastaa wa Marekani.

Mchovu_wa_Bando

Mtu wa Linux amefika, sasa tusubiri aseme printa haifanyi kazi

pengwini_255

Printa inafanya kazi inategemea ya nani. Msichanganye watu.

fundi_mwanjelwa

Nirudi kwenye swali la kurudi Windows 10 maana naona limesahaulika. Mashine mpya USIIRUDISHE, haina maana. Windows 10 imekatiwa huduma Oktoba 14, 2025, maana yake matundu ya usalama yakigundulika hayazibwi, na wewe pale unaingiza flashi za watu hamsini kwa siku na watu wanafungua imeili na akaunti zao za mkopo. Kuna nyongeza ya mwaka mmoja mpaka Oktoba 13, 2026, kwa kompyuta ya mtu binafsi ni bure ukiingia na akaunti ya Microsoft ukaruhusu setingi zako zihifadhiwe kwao, ama unatoa pointi 1000 za Microsoft Rewards, ama dola 30. Kwa biashara ni dola 61 kwa mashine kwa mwaka wa kwanza na mwaka unaofuata inakuwa mara mbili yake, sidhani kama kuna steshenari inalipa hiyo.

Sasa zile mbili za zamani ni prosesa gani? Kama ni za mtumba kama EliteBook 840 G3, hizo ni jenereshen ya 6, Windows 11 inataka Intel ya jenereshen ya 8 kwenda juu na TPM 2.0, kile kichipu cha usalama. Kuna mafundi wanarukisha hicho kipimo kwa flashi, inakubali, na mimi nimefanya kwa watu, ila Microsoft wenyewe wanasema mashine ya hivyo hawakuhakikishii apdeti. Leo inapiga kazi, ikija apdeti kubwa inagoma mteja ananiletea mimi.

kaka_steshenari

Ni 840 G3 zote mbili mkuu, kama ulikuwepo. Kwahiyo hapo ni ama nirukishe kipimo ama nimsikilize pengwini. Pengwini nijibu bila ushabiki, kwenye hiyo Mint dokumenti za Word za wateja zinafunguka zikiwa zimenyooka? Maana mtu akiniletea CV imepangwa kwa meza na ikafunguka maandishi yametawanyika sitaelewana naye. Na printa yangu ni HP ya leza, ile nyeusi na nyeupe.

pengwini_255

HP nyingi hazisumbui, wana draiva yao ya Linux inaitwa HPLIP, Mint inakuja nayo. Word sikudanganyi, LibreOffice, programu ya bure ya kufanyia kazi za Word, inafungua nyingi vizuri ila CV yenye meza na maboksi inaweza kuyumba hasa kama fonti hazipo, kwahiyo weka fonti za Microsoft mapema, Calibri na Cambria zina mbadala zake zenye vipimo vile vile zinaitwa Carlito na Caladea. Mimi ningekushauri Mint weka moja tu kwanza, iwe ya wateja wa kujaza fomu mtandaoni na kuskani, hao wanahitaji brauza tu. Kazi za Word ziende kwenye hiyo ya 11.

Mama Saiba

Hapo nakubaliana nae. Lakini muulize kwanza huyo dada anaetaipu ataka kukaa wapi, usimhamishe bila kumuuliza.

kaka_steshenari

Nimemuuliza. Amesema atakaa kwenye 11 kwa sharti moja, mashine iwe karibu na dirisha na nisiiapdeti mchana. Pengwini nitumie linki ya Mint, ni GB ngapi hiyo?

pengwini_255

Karibu 3. Danlodi usiku.